Uvaaji na Utunzaji wa Sare ya Gwaride ya Kadeti

Utangulizi

Makala haya yananuia kueleza namna sare ya gwaride ya kadeti inavyovaliwa na kutunzwa. Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hili lina uhusiano gani na jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Ninayo majibu mawili. La kwanza ni kwamba msamiati wa sare na gwaride ni sehemu kongwe ya Kiswahili cha Kenya, na wengi wetu huutumia katika insha, tafsiri na tamthilia bila kuvijua vitu vyenyewe. La pili si la kitaaluma. Niliwahi kuiharibu sare ya mtu, na karibu yote nitakayoyaeleza hapa niliyajua baada ya aibu hiyo.

Kaka yangu alikuwa amefuzu ukadeti na kupewa kamisheni miezi michache tu iliyotangulia. Mwenzake waliyefunzwa pamoja alikuwa anaoa, na maafisa vijana wanane walitakiwa kusimama nje ya kanisa katika safu mbili, kila mmoja na upanga wake, wapige tao ambalo maarusi wangepita chini yake. Kaka alipangiwa kuwa katika jozi ya kwanza. Jioni ya kuamkia siku hiyo nilijitolea kumtayarishia koti, nami nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza niliyejaa bidii kuliko maarifa. Nilitia pasi moto hadi mwisho, nikaigandamiza moja kwa moja juu ya sufu. Kisha nikachukua Brasso na kitambaa, nikaanza kusugua kifungo cha juu ili kimetemete. Kadiri nilivyosugua ndivyo rangi ya dhahabu ilivyofifia, mpaka kifungo kikawa na rangi ya sufuria.

Kaka alipoingia hakunifokea. Alilishika koti, akaligeuza kwenye mwanga, akaona pia mabaka ya kung'aa ambayo pasi ilikuwa imeyaacha kifuani. Alichosema ni hiki: "Mdogo wangu, umeisafisha mpaka umeiondoa." Siku ya pili alisimama katika jozi ya mwisho, karibu na mlango, mahali ambapo mpiga picha hakufika.

Sare, magwanda na kadeti

Yafaa kwanza tutofautishe dhana. Kadeti ni mwanafunzi wa uafisa. Yeye si kurutu, kwa sababu kurutu hufunzwa kuwa askari wa kawaida. Hapa Kenya makadeti hufunzwa katika chuo cha kijeshi kilichoko Lanet, Nakuru, na gwaride lao la kufuzu huhudhuriwa na Rais akiwa Amiri Jeshi Mkuu. Waingereza wana chuo chao Sandhurst, na Wamarekani wana West Point. Aidha, magwanda si sare ya gwaride. Magwanda ni mavazi ya mabaka ya kazi na ya vita. Hufuliwa, hutambaa matopeni, huraruka na kushonwa. Sare ya gwaride huvaliwa kwa saa chache katika mwaka, na maisha yake mengine yote huyapitisha kabatini. Anayeitunza kama magwanda huiua kwa sabuni na maji.

Neno sare lenyewe linatusaidia kuielewa shughuli hii. Wanawake wa Pwani wakikubaliana kushona nguo za kitambaa kimoja kwa ajili ya arusi, husemwa wamevaa sare. Timu mbili zikifungana bao moja kwa moja, husemwa zimetoka sare. Maana zote mbili zinakutana katika usawa. Ndivyo ilivyo kwenye gwaride: kadeti hasifiwi kwa kupendeza kuliko wenzake, bali kwa kutotofautika nao. Kifungo kimoja kinachong'aa kupita vingine ni kosa sawa na kifungo kilichofifia. Mwanafunzi wa sarufi hatapata taabu kulielewa hili, kwani ni upatanisho tu. Kiambishi kimoja kikienda kombo, sentensi nzima husikika vibaya hata kama maneno mengine yote ni fasaha.

Historia ya mavazi haya katika lugha yetu imepitia jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka wa 1902 na ambalo Waswahili waliliita Keya. Kiswahili kilikuwa lugha ya mawasiliano ya jeshi hilo, na ndani yake yaliingia maneno ya vyeo yenye asili ya Kituruki yaliyoletwa na askari kutoka Sudani: ombasha kwa koplo, shaushi kwa sajini, na afande, ambalo ndilo lililobaki hai midomoni hadi leo. Kutoka Kiingereza tulipata kurutu, kadeti na gwaride. Sare ya askari wa Keya ilikuwa ya kaki na tarbushi, na kwa miaka mingi waliandamana kwa gwaride miguu mitupu. Raia nao hawakubaki nyuma. Ngoma ya beni, iliyozuka Pwani yetu mwishoni mwa karne ya 19, iliiga gwaride, vyeo na sare za maafisa, na vikundi vyake vilishindana kwa umaridadi wa mavazi kama walivyoshindana kwa nyimbo. Anayedhani kwamba hamu ya raia kuhusu sare hizi ni ya jana, na aisome historia ya beni.

Sare ninayoizungumzia hapa ni ya muundo wa Kiingereza, ambao majeshi ya nchi zetu yaliurithi: koti la sufu lenye vifungo mbele, suruali iliyopigwa pasi ikawa na mstari mmoja mkali, kofia yenye ukingo mgumu juu ya macho, mkanda, glavu nyeupe na viatu vyeusi. Vyuo vingine vina mitindo yake. Koti la kijivu la West Point, kwa mfano, limekuwa na rangi hiyo tangu mwaka wa 1816, na lile la gwaride kuu lina vifungo 44 vya shaba. Kanuni za kutunza, hata hivyo, hazitofautiani sana, kwa sababu sufu ni sufu na shaba ni shaba popote pale.

Koti

Hapa ndipo penye hasara kubwa, nami nitakawia kidogo.

Sufu ni nywele za mnyama. Kila unywele umefunikwa na magamba madogo mno, na koti likiwa zima, magamba na ncha za nyuzi hutawanya mwanga, ndiyo maana kitambaa huonekana kimetulia na chenye kina. Pasi ya moto ikigandamizwa moja kwa moja juu yake, nyuzi hulala bapa na kuurudisha mwanga kama kioo. Hayo ndiyo mabaka niliyoyaacha kifuani mwa kaka. Yakiwa mepesi, mvuke na brashi huweza kuziinua nyuzi tena. Zikiwa zimeungua, hakuna dawa.

Njia sahihi ni kuweka kitambaa cha pamba, safi na chenye unyevu, kati ya pasi na koti. Pasi haiburutwi. Huwekwa, huinuliwa, kisha huwekwa mahali pengine. Kinachofanya kazi ni mvuke unaopita kwenye kitambaa, si uzito wa mkono. Baada ya hapo koti huachwa litundikwe mpaka lipoe na kukauka kabisa, kwa maana sufu yenye joto na unyevu hushika mkunjo wowote itakaokutana nao, uwe umetakiwa au haukutakiwa.

Kwa kweli koti lililotunzwa vyema huhitaji pasi mara chache sana. Mara nyingi brashi inatosha. Brashi hupitishwa kuanzia begani kuelekea chini, upande mmoja tu, bila kurudi juu. Vumbi likiachwa, jasho na mafuta hulishikisha kwenye nyuzi, na hapo ndipo mtu hushawishika kulifua. Koti la gwaride halifuliwi nyumbani. Ndani ya kifua na mabega yake kuna vitambaa vya kulikakamaza vinavyolipa umbo, na maji huvifanya virudi kwa kiasi tofauti na sufu ya juu. Likitoka majini litakuwa koti la mtu mwingine. Doa hufutwa kwa kitambaa chenye maji kidogo likiwa bado bichi. La sivyo, lipelekwe kwa dobi anayesafisha bila maji, naye aambiwe doa ni la nini. Nyuzi na manyoya yaliyoganda juu ya kitambaa cheusi huondolewa kwa utepe wa gundi uliozungushwa kwenye vidole, upande wa gundi ukiwa nje. Kazi hii hufanywa mwisho kabisa, mlangoni.

Vifungo na beji

Kosa langu la pili lilitokana na kutojua kwamba vifungo vya jeshi ni vya aina mbili. Vya zamani ni vya shaba ya njano. Hivi hufifia vikikaa, na lazima vipigwe Brasso. Kadeti hutumia kibao chembamba chenye mwanya katikati: mwanya hupitishwa chini ya vifungo, kibao kikalala juu ya koti, na dawa isiguse sufu. Mtu asiye na kibao hukata kadibodi kwa umbo hilo hilo. Dawa ikigusa kitambaa huacha doa jeupe ambalo kila mkaguzi hulijua, na wakaguzi hulitafuta makusudi chini ya kifungo cha pili na cha tatu, ambako mkono huchoka.

Aina nyingine ilianza kuenea katika jeshi la Uingereza miaka ya 1950. Ni vifungo vya alumini vilivyotiwa rangi ya dhahabu kwa njia ya umeme. Vilibuniwa ili askari wapumzike kusugua. Rangi hiyo ni utando mwembamba mno, na Brasso ina chembechembe za kukwangua. Anayevisugua huviondolea ule utando, na hakuna kinachoweza kuurudisha. Hivi hupanguswa kwa kitambaa chenye maji na sabuni kidogo, basi. Namna ya kuvitambua ni rahisi: ni vyepesi mkononi, na havifanyi weusi wala ukijani hata vikikaa miaka. Kifungo kisichofifia hakiombi kusafishwa. Kaka ilimbidi abadilishiwe vifungo vyote vya mbele, kwa kuwa kimoja kipya kati ya vilivyozoea jua kingeonekana.

Beji ya kofia ifuate kanuni hiyo hiyo: ijulikane kwanza ni madini gani. Kuhusu bereti, ambayo makadeti huivaa siku nyingi zaidi kuliko kofia ya gwaride, desturi ni kuiloweka katika maji, kuivaa ikiwa mbichi, kuivutia upande wa kulia na kuiacha ikaukie kichwani ili ishike umbo. Beji hukaa juu ya jicho la kushoto. Bereti isiyopitia hatua hiyo hukaa kichwani kama chapati.

Suruali na viatu

Suruali haina mengi. Mstari wa pasi uwe mmoja. Anayepiga pasi bila kuufuata mstari wa zamani hupata mistari miwili inayokwenda sambamba, na Waingereza huifananisha na reli za tramu. Wapo wanaopitisha kipande cha sabuni kikavu ndani ya mkunjo kabla ya kuupiga pasi kwa nje juu ya kitambaa chenye unyevu. Sabuni huyeyuka, kisha hukakamaa na kuushikilia mstari. Ni hila nzuri ikitumiwa kwa kiasi.

Viatu ndivyo vinavyokula usiku wa kadeti. Kung'arisha kwa mtindo wa jeshi si kupaka rangi na kupiga brashi. Rangi hupakwa kidogo sana kwa kitambaa laini kilichokazwa kwenye kidole, kisha kidole huguswa kwenye tone la maji na kuzungushwa polepole kwa miduara midogo. Tabaka la kwanza huonekana kama ukungu. La kumi huanza kuonyesha taa ya dari. Nta ya rangi hujaza vitundu vya ngozi mpaka uso wake uwe laini kama kioo, na hapo ndipo mwanga hurudi mzima. Kazi hii hufanywa kwenye ncha na kisigino tu, sehemu zisizokunjika. Kadeti mwenye pupa hupaka nta hadi pale vidole vya miguu vinapopindia, na hatua tatu za kwanza za gwaride huipasua vipande kama matope ya ziwa lililokauka. Viatu vyenye ngozi iliyokwisha kutiwa vanishi kiwandani haviguswi na rangi hata kidogo. Hupanguswa tu.

Rangi hiyo ya viatu sisi twaiita kiwi, kutokana na jina la biashara la Kiwi, aliyoianzisha William Ramsay huko Melbourne, Australia, mwaka wa 1906 na kuipa jina la ndege wa New Zealand, nchi ya mkewe. Lakini Kiswahili kilikuwa na kiwi chake tangu hapo: kile kiza kinachomshika mtu machoni akitazama mwanga mkali. Viatu vilivyopigwa kiwi, vikatia watu kiwi! Sijui lugha nyingine iliyobahatika hivi.

Kuvaa

Utaratibu wa kuvaa hutokana na jambo moja: kila kinachohitaji kuinama hufanywa kabla ya koti. Shati, suruali, soksi na viatu hutangulia. Kamba za viatu hupita sawasawa bila kujiviringa, na ncha zake hufichwa. Koti hufuata, vifungo vikafungwa vyote hadi shingoni ikiwa kola ni ya kusimama, kisha mkanda, kofia, na glavu mwisho, kwa sababu glavu nyeupe hubeba kila weusi inaougusa. Ukingo wa kofia hulala mlalo juu ya macho. Kofia iliyosukumwa nyuma ili nywele zionekane ni ya mwigizaji, si ya kadeti.

Baada ya kuvaa, hakuna kuketi. Goti likikunjwa huharibu mstari wa suruali, na mgongo wa koti huota mikunjo. Na kadeti havai peke yake. Mgongo wake hauoni. Mwenzake humvutia koti nyuma, hukunja kitambaa kilichozidi pande mbili chini ya mkanda ili kifua kikae tambarare, humpitishia brashi mabegani, kisha hugeuka naye akafanyiwa vivyo hivyo. Kaka alinisimulia kwamba katika dakika hizo za mwisho hata waliokuwa hawasemezani walipigana brashi.

Mabega ya kadeti hayana nyota ya afisa. Sandhurst wana desturi nzuri kuhusu jambo hili. Wanaofuzu huhudhuria dhifa ya usiku huo wakiwa tayari wana nyota mabegani, lakini zimefunikwa. Ifikapo saa sita kamili ya usiku, jamaa au rafiki huzifunua, na hapo ndipo mtu huwa afisa.

Nishani nazo zina sarufi yake. Huvaliwa kifuani upande wa kushoto na aliyetunukiwa mwenyewe, ile kuu ikiwa karibu zaidi na katikati ya kifua. Katika nchi nyingi zilizotawaliwa na Uingereza, jamaa wa marehemu huruhusiwa kuvaa nishani zake upande wa kulia siku ya kumbukumbu ya waliofia vitani. Kwetu zipo familia zenye nyota ya shaba ya Burma, ambako wanajeshi wa Keya walipigana mwaka wa 1944. Nawasihi wenye nazo wasizipige Brasso. Herufi zilizochongwa juu yake si nene, na kila msuguo huzipunguza.

Neno kwa waandaaji wa michezo ya kuigiza

Wanachama wetu wengi huigiza, na mhusika mwanajeshi hujitokeza mara kwa mara. Sheria ya Majeshi ya Ulinzi ya Kenya ya mwaka wa 2012 inakataza raia kuvaa sare ya jeshi bila idhini. Kuazima koti la binamu kwa ajili ya jukwaa si jambo dogo, kwake wala kwako. Ombeni idhini, au shoneni vazi la kubuni ambalo hadhira italielewa bila kulidhania la kweli. Waliocheza beni walishona yao wenyewe.

Kuhifadhi

Sare haiwekwi kabatini siku ile ile ilipovaliwa. Jasho likauke kwanza, kwenye hewa na kivulini, kwani jua hufifisha rangi ya mabega. Mifuko itolewe kila kitu. Koti litundikwe kwenye henga ya mbao yenye mabega mapana. Henga ya waya huacha vinundu viwili mabegani ambavyo huonekana ng'ambo ya uwanja. Lifunikwe kwa mfuko wa kitambaa. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu ndani, na katika miji yenye joto kama Mombasa ukungu huota upesi. Glavu na mkanda mweupe vitengwe na viatu.

Hatimaye kuna nondo. Anayeruka usiku hana madhara, kwa kuwa hali nguo. Wanaokula sufu ni viwavi wake, nao hupendelea pale penye jasho au tone la chakula, chini ya kola na kwapani, gizani, mahali pasipoguswa. Vidonge vya naftalini huwafukuza, lakini vifungwe katika kitambaa visilale juu ya koti. Kilicho bora zaidi ni kulitoa koti kila mwezi, kulipiga brashi hadi ndani ya kola, na kulianika kivulini kwa saa moja. Kazi hiyo kwetu nimepewa mimi. Kaka akiwa kazini mbali nami nikiwa likizoni, hunipigia simu Jumamosi ya kwanza ya mwezi kunikumbusha, na kila mara huuliza kama Brasso ingali imefichwa.